Nani Amemnyima Mama Chakula?

Tarehe 3 Februari

Kwako wifi,

Salamu nyingi. Nimeamua kushika kalamu kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Nikisema moja unasema tatu, kisha mmoja wetu anakata. Barua haikatwi. Isome ukiwa umekaa.

Jana nilipigiwa simu na nesi wa kliniki ya sukari ya huko kwenu. Tulisoma naye chuo kimoja, hana sababu ya kunidanganya. Anasema mama ameanguka tena kwenye foleni. Jasho linamtiririka, macho yamegeuka, na walipompima sukari ilikuwa imeshuka mno hata mashine ikakataa kuonyesha namba. Wakamtia sukari mdomoni, akazinduka. Wakamwuliza, "Mama, umekula asubuhi?" Akajibu, "Sijala." Wakamwuliza, "Na jana jioni?" Akasema hakumbuki kama alipewa kitu. Benchi zima lilisikia.

Wifi, mimi kila wiki nakaa na wagonjwa wa sukari kuanzia asubuhi mpaka kiti kinanichoka. Najua mtu akichomwa insulini halafu akakaa na tumbo tupu, sukari inaporomoka. Hapo hakuna uchawi wala mkono wa mtu. Na hii si mara ya kwanza mama kuanguka. Ya kwanza ulisema ni jua. Ya pili ulisema ni uzee. Ya tatu utasema nini?

Najua una kibanda chako cha kusuka, una mapacha, una mengi. Lakini mama hakuomba mengi. Nakuuliza swali moja tu na nataka jibu moja: nani anamnyima mama yangu chakula?

Kaka naye nimemwandikia. Ni haki yake kujua kinachotendeka nyumbani kwake akiwa barabarani na lori lake.

Wifi yako,
Nesi


Tarehe 11 Februari

Kwako wewe unayejiita wifi yangu,

Nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza. Nimeinuka kutafuta kalamu.

Umetaka jibu moja. Hakuna anayemnyima. Haya, jibu hilo. Sasa na mimi nisikilize, maana ulisema barua haikatwi.

Mama anakula. Asubuhi anakunywa uji mbele ya macho yangu kabla sijafungua kibanda, na sindano simchomi mpaka nione bakuli limefika nusu. Nesi yule yule rafiki yako ndiye aliyenifundisha kuchoma, akanisifu mkono wangu ni mwepesi. Leo mkono huo huo ndio unaoua?

Hebu niambie, wewe uliyesoma, mtu anayenyimwa chakula ananenepa? Magauni yake yote nimeyafumua kiunoni. Asubuhi uso umemvimba, macho yamefunikwa kama aliyelia usiku kucha. Joto la mwezi huu majirani wanalala milango wazi, yeye anavaa sweta mbili na soksi na kuniambia nifunge dirisha. Nikilifunga, mimi ni mkwe mbaya anayemfungia mzee ndani. Nikilifungua, namtesa kwa baridi. Nichague lipi?

Nikimchana, nywele zinabaki kwenye kitana. Mimi msusi! Wateja wananitania, "Mkwe wako unamsuka kwa koleo?" Labda na hizo utasema nazing'oa mimi. Sauti imekuwa nzito, mpaka mapacha wakimsikia chumbani wanadhani kaingia mwanamume. Ngozi ya miguu imekauka kama ganda la muhogo, nampaka mafuta asubuhi, jioni hayapo. Chooni anakwenda akarudi bure. Anasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Namwita mara tatu ndipo ageuze shingo, na akigeuza, anageuza polepole kama mlango wenye kutu.

Na lipo jambo aliloniapisha nisikwambie. Leo kiapo nimekivunja na dhambi yake ni yako. Mama anasahau. Anakula, anafuta mdomo, halafu ananiuliza, "Mwanangu, leo tunakula saa ngapi?" Siku moja nilimjibu kuwa tumeshakula. Akatazama bakuli, akanishika mkono, akasema, "Usimwambie binti yangu. Atasema nimeingiwa na wazimu." Basi nikanyamaza. Nikabeba siri ya mama yenu, na mzigo wake ndio huu mlionitwika kichwani mbele ya benchi zima.

Wewe ulifika lini mara ya mwisho? Ulikaa siku mbili, ukapima presha ya kila mtu, ukaondoka.

Nilidhani kazi ya nesi ni kuuliza kwanza. Kumbe mnaanza na hukumu, maswali mnayaleta baadaye kama msindikizo.

Mke wa kaka yako,
Mama Mapacha


Tarehe 20 Februari

Wifi yangu,

Mara ya kwanza nimeisoma barua yako kama mtu aliyetukanwa. Nikaitupa kwenye droo ya dawa, nikaenda kuita wagonjwa. Mchana nikaitoa tena, na safari hii nikaisoma kama nesi. Wifi, nikakaa chini.

Ulikuwa unanigombeza, lakini kila ulilonigombezea ni dalili. Uso kuvimba, baridi wakati wa joto, nywele, sauti, ngozi, choo, usingizi, kusahau, unene usio na chakula kingi. Kama angeingia mama wa mtu mwingine chumbani kwangu na haya yote, ningeshika shingo yake kabla sijashika kitu kingine. Kwa mama yangu mwenyewe nilishika koo la mkwewe.

Shingoni, chini ya koo, kuna tezi ndogo. Hiyo ndiyo inayouambia mwili uende mwendo gani. Ikichoka, mwili wote unapunguza mwendo: moyo, tumbo, akili, hata joto la damu. Na insulini nayo inachelewa kutoka. Kipimo kile kile kilichomfaa mwaka jana sasa kinakaa mwilini muda mrefu na kumwangusha, hata akiwa amekula. Sikiliza vizuri: HATA AKIWA AMEKULA. Sijui bado kama ndivyo, mpaka damu ipimwe. Lakini ningeweka shilingi yangu hapo.

Fanya hivi. Usipunguze dawa kwa kukisia, na usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke hospitali kubwa, mwambie daktari nataka apimwe tezi ya shingoni, na umweleze yote uliyoniandikia mimi, pamoja na matusi ukipenda. Njiani beba sukari. Akianza kutoka jasho na kubabaika, ale kwanza, maswali baadaye.

Wewe hupokei simu yangu tangu ile barua, na kaka nimempigia tangu juzi, naye hapokei. Ile barua niliyomwandikia naomba akuonyeshe uichane.

Nisamehe. Neno lenyewe ni jepesi, najua. Nitakuja nikuambie usoni.

Nesi


Tarehe 22 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeikuta nilipotoka safari, na nimelimaliza jambo kiume. Huyu mwanamke nimemrudisha kwao pamoja na mapacha. Alitaka kunipa maelezo marefu, eti mama anakula, eti mama amenenepa. Nikamwambia, mdogo wangu ni nesi, wewe ni nani? Akafunga mizigo. Mlangoni aligeuka akasema, "Uji kabla ya sindano. Mwone akimeza." Kiburi mpaka dakika ya mwisho.

Mama anamwulizia kila saa, amesahau kuwa nimeshamweleza. Nimetafuta binti wa kazi, mchangamfu, nimemwonyesha sindano inavyochomwa. Kesho napakia mzigo, nitakuwa njiani wiki nzima. Usiwe na wasiwasi tena.

Kuna barua yako nyingine imefika leo yenye jina la huyo mwanamke. Sikuifungua, nimeipeleka posta imfuate huko kwao. Mimi si mtu wa kusoma barua za watu.

Kaka yako


Tarehe 4 Machi

Wifi yangu,

Nakuandikia nikiwa wodini. Nimetumia anwani ya kwa wazazi wako, na nimemwomba kondakta wa basi aikabidhi mkononi mwa baba yako.

Mama yuko hai. Nimeanza na hilo ili usikimbize macho.

Binti wa kazi alimchoma sindano kama alivyoonyeshwa, akamwekea chai, akaenda kufua. Aliporudi, chai ilikuwa palepale na mama hakuitika. Anasema alimgusa akadhani amekufa, kwa ubaridi. Akapiga mayowe, majirani wakambeba. Mimi nilisafiri nikiwa na sare ya kazini, sikubadilisha hata viatu.

Hapa hospitali daktari mmoja kijana alimtazama mama, akamtazama tena, akauliza, "Ana muda gani na uso huu?" Swali moja tu. Damu ikachukuliwa. Jibu limetoka leo: tezi imelala kabisa. Wamempunguzia insulini, wamemwanzishia vidonge vya tezi, kidogo kidogo ili moyo usishtuke. Amefumbua macho jana. Neno la kwanza alilotamka ni jina lako la utani. "Mama Mapacha yuko wapi? Amekwenda kusuka?" Nilitoka nje.

Kisha nikaenda kliniki. Nilikwenda kwa miguu ili hasira ipungue. Ilizidi. Rafiki yangu wa chuo alinikaribisha kwa kicheko, akaniambia, "Afadhali umefika, mkwe wenu yule ni balaa."

Nikamwambia, "Mama amenenepa kilo ngapi tangu mwaka jana?"

"Hawa wazee hawafuati masharti."

"Sikuuliza masharti. Kila mwezi mnampandisha kwenye mizani, mizani inapanda. Mtu anayekufa njaa ananenepa?"

Akaanza kupanga bomba za sindano zilizokuwa zimeshapangwa. "Tuna wagonjwa wengi," akasema. "Aliulizwa akasema hajala. Mimi ningefanya nini?"

"Ungemtazama uso!"

"Na wewe si mwanawe? Mbona hukuutazama?"

Wifi, hilo lilinipata sawasawa. Lakini halikunitoa hasira. Wagonjwa wa sukari tumewazoea mpaka hatuwaoni tena. Kila kitu ni sukari, na kila sukari ikikataa kutii lazima apatikane wa kulaumiwa: mgonjwa mkaidi au mkwe mbaya. Tezi haishtakiwi, haihitaji hata wakili.

Kaka amefika jioni hii. Amekaa upande wa miguu ya mama, kofia mkononi. Nimempa jibu la damu alisome mwenyewe.

Rudi, wifi. Nakuomba.

Nesi


Tarehe 10 Machi

Wifi,

Barua zako mbili zimefika siku moja. Ile ya tezi imezunguka kwanza, maana mume wangu ni mwungwana sana, hafungui barua za watu. Angekuwa mmbeya kidogo tu, mama asingefika wodini.

Nashukuru Mungu mama amefumbua macho. Nimelia, siwezi kukuficha. Mapacha nimewaambia bibi yao anapona.

Kuhusu kurudi, hapana.

Kosa la tezi nimelielewa, umelieleza vizuri. Lakini kaka yako hakuwa na ugonjwa wa tezi. Yeye alikuwa mzima, macho yake mazima, nimemweleza kwa mdomo wangu akaniuliza, "Wewe ni nani?" Nimekaa ndani ya nyumba ile miaka yote hii, nimemwogesha mama yake, nimemkata kucha nikiogopa kumchubua maana mlinifundisha kidonda cha mguu wa mtu wa sukari hakiponi. Leo mimi ni nani! Nilipita mtaani na mabegi saa ambazo wateja wangu wote wako barazani. Na huku kijijini habari imenitangulia: mwanamke aliyemwua mama mkwe kwa njaa. Mama yangu mzazi akienda kisimani wenzake wanahamisha ndoo.

Kwa hiyo msiniombe kama mnaomba chumvi. Nani atayafuata maneno yale huko yalikofika ayarudishe?

Vidonge vya mama vimezwe na maji matupu, kabla ya uji? Niliuliza zahanati ya hapa. Wakasema ndivyo, na visichanganywe na vile vya kuongeza damu anavyokunywa asubuhi. Mwambie binti wa kazi. Mchangamfu na awe msikivu pia.

Mama Mapacha


Tarehe 18 Machi

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kituo cha Afya

YAH: KUMSHUTUMU MTU BADALA YA KUMPIMA MGONJWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi wa ngazi ya msingi kama waliopo kituoni kwako, na ni binti wa mgonjwa aliyeangukia katika foleni yenu zaidi ya mara moja. Sukari yake ilipokuwa ikishuka bila sababu, hakuna aliyeuliza kuhusu baridi, uzito, choo, sauti wala usingizi. Hakuna aliyemgusa shingo. Aliulizwa mbele ya watu kama amekula, naye, akiwa amepoteza kumbukumbu kwa ugonjwa ambao hamkuutafuta, akasema hajala. Neno hilo mkalichukua kama ushahidi mahakamani. Mkwewe akahukumiwa akiwa hayupo.

Mimi nililipokea neno hilo kwa simu na kulipeleka mbele. Kwa hiyo siandiki kama msafi. Naandika kama mtu anayejua kosa hili linavyofanyika, kwa kuwa nimelifanya.

Naomba mambo mawili. Kwanza, mgonjwa wa sukari anayeanguka mara kwa mara achunguzwe, na pale mnapokosa kipimo apewe rufaa, asipewe karipio. Pili, kituo kimwombe radhi mkwe wa mama yangu palepale alipovunjiwa heshima, kwenye benchi, siku ya kliniki.

Wako mtiifu katika kazi, si katika jambo hili,
Muuguzi


Tarehe 2 Aprili

Kwa Muuguzi,

Barua yako imepokelewa. Suala linafanyiwa kazi. Kituo kinakukumbusha umuhimu wa kutumia lugha ya staha katika mawasiliano ya kiofisi.

Mganga Mfawidhi


Tarehe 17 Mei

Wifi,

Nimerudi nyumbani. Kaa nikusimulie, maana kaka yako akikusimulia atapunguza.

Alikuja kwetu Jumamosi. Baba hakumpa kiti. Alisimama uani na kofia yake, akaanza, "Wazazi wangu, shetani alipita kati yetu." Baba akamkata, "Shetani mwache, hakuandika barua wala hakuendesha lori. Sema wewe." Akasema. Alisema yote, mpaka lile la "wewe ni nani". Jasho lilikuwa linamtoka, nikakaribia kumpa sukari.

Lakini wifi, hakuja peke yake. Mlango wa gari ulifunguka, akashuka mama. Kwa miguu yake! Amepungua uvimbe, macho yameonekana tena. Alipita katikati ya ua, akaenda moja kwa moja mpaka kisimani, hapo nje ya ua, ambako wanawake walikuwa wamejaa kusikiliza, akawaambia, "Mimi ndiye niliyekufa njaa. Nitazameni. Huyu binti alinilisha kwa mkono wake, nami nikamsahau kwa sababu ya ugonjwa. Nyinyi mlisahau kwa sababu gani?" Mama yangu mzazi alikaa chini palepale akalia. Ndoo hazikuhamishwa tena.

Nilirudi kwa sharti moja: siku ya kliniki kaka yako aje. Akae kwenye benchi lile tangu alfajiri, aone lilivyo gumu.

Basi jana tukaenda wote watatu. Wewe uliniambia umedai waniombe radhi. Nilivaa vizuri kabisa, nikangoja. Rafiki yako wa chuo alinipita kama nguzo. Mfawidhi alichungulia mlangoni, akaona tumekaa, akakumbuka ana mkutano.

Nikasema moyoni, haya, yaishe. Ndipo akaitwa mzee mmoja aliyeletwa na mke wa mwanawe, msichana mdogo tu, mtoto mgongoni. Sukari ya mzee imeshuka. Rafiki yako akasimama katikati ya chumba, sauti juu, "Nyumbani kwenu huyu mzee mnampa chakula au mnamwangalia tu?" Yule msichana akafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Wifi, nilimwona. Nilijiona.

Nikasimama, nikampa mzee kipande cha mkate. Nikasema, "Dada, muulize kwanza mzee anajisikiaje. Huyu msichana utamwuliza baadaye, na umwulize taratibu."

"Wewe ni nesi?"

"Mimi si nesi."

"Basi toka nje, unanivurugia kliniki."

Nikatoka. Sikutaka ugomvi mbele ya mama. Nikakaa kwenye ngazi. Mara naona kivuli: mama ametoka, amekaa pembeni yangu. Nyuma yake kaka yako na mkoba. Nyuma yake yule msichana na mzee wake, anamkokota polepole, mzee bado anatafuna kipande cha mkate nilichompa.

Rafiki yako akaja mlangoni. "Mama, zamu yako. Ingia upimwe."

Mama akanyoosha kidole palepale kwenye ngazi. "Mkwe wangu ametolewa, na mimi nimetoka. Mashine yako ni ndogo, inabebeka. Ilete."

Watu wote kwenye benchi walinyanyuka waone. Hata watoto. Yule nesi alitutazama mmoja mmoja. Halafu, wifi, akageuka ndani, akarudi na mashine, akapiga magoti kwenye ngazi ya saruji na sare yake nyeupe. Akampima mama. Namba ilikuwa nzuri. Akampima mzee tena. Kisha akamgeukia yule msichana, na safari hii kwa sauti ya chini, "Hebu niambie, dada, mzee ana nini kingine siku hizi?"

Yule msichana akaanza kusema. Alikuwa na mengi.

Radhi sikuombwa. Bado nimeikasirikia kliniki hiyo, na siku ya kliniki ijayo nitaikasirikia pia. Njoo tuikasirikie pamoja.

Wifi yako,
Mama Mapacha